Kanali Jules Mutebutsi: Baina ya Uasi na Utii

Kitenzi "asi" huweza kuchukua yambwa: mtu humwasi fulani. Kwa hiyo, anayemwita mtu "muasi" hana budi kueleza amri ya nani iliyokataliwa. Maisha ya Kanali Jules Mutebutsi, Munyamulenge wa Kivu Kusini, yadhihirisha jambo hili.

Katika vita vilivyoanza mwaka 1998, Mutebutsi alikuwa afisa wa RCD-Goma, kundi la waasi lililosaidiwa na Rwanda na lililotawala Bukavu. Mapatano ya amani yaliyokamilishwa Sun City mwaka 2003 yalizaa serikali ya mpito na jeshi moja la taifa. Mutebutsi akawa naibu kamanda wa Mkoa wa 10 wa Kijeshi, mjini Bukavu. Cheo kilikuwa kipya; askari wake walikuwa wale wale, nao waliendelea kumtii yeye.

Mapema mwaka 2004 aligombana na mkuu wake, Jenerali Prosper Nabyolwa, akasimamishwa kazi. Mwezi Mei askari wake walipigana na wale wa Jenerali Mbuza Mabe, aliyemrithi Nabyolwa. Laurent Nkunda alikuja kumsaidia, na tarehe 2 Juni mji ulitekwa. Raia waliuawa, wanawake walibakwa, mali iliporwa. Mwezi huo huo Mutebutsi alikimbilia Rwanda, akafariki Kigali mwaka 2014.

Cheo hutolewa kwa waraka wa siku moja. Utii hauhamishwi hivyo. Waliogharimika ni wakazi wa Bukavu.