Mkono wa mtoto si mali ya timu

SISI walimu hatuchoki kuwakumbusha wazazi kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, katika shule ya upili na sasa chuoni, wala sijawahi kumpata mwanafunzi wa kuniuliza swali ambalo lingenitatiza: je, samaki huyo mbichi akikunjwa kila siku, hakuna siku atakayopasuka? Jibu nililipata mbali na darasa, kando ya uwanja wa besiboli nchini Marekani, nilikokuwa nikisomea shahada ya uzamifu katika isimu.

Kwa wale wasioujua mchezo huo, mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo akamrushia mpigaji mwenye gongo mpira mgumu wenye uzito wa gramu 145 hivi. Kwa watu wazima masafa baina yao ni mita 18.4, na kwa watoto wa umri wa miaka 12 aghalabu huwa mita 14. Wachezaji wengine huweza kukaa kitambo kirefu bila kuugusa mpira. Mrushaji hana bahati hiyo, kwa kuwa kila tendo la mchezo huanzia mkononi mwake. Ndiyo sababu kocha akimpata mtoto mwenye mkono mwepesi hutamani kumtumia leo, kesho na kesho kutwa.

Mtoto niliyemjua mimi alikuwa mwana wa Mkenya mwenzangu aliyeishi jirani. Alikuwa na miaka 12, na mimi nilikuwa nikimfundisha Kiswahili Jumapili jioni ili asisahau lugha ya nyanya yake. Jumamosi nilikuwa nikiandamana na babake uwanjani. Kwa kuwa sikuufahamu mchezo, nilijipa kazi ya kuhesabu mirusho ya kijana huyo kwenye daftari, nikiweka kijistari kwa kila mrusho. Jumamosi moja nilihesabu 72. Kesho yake aliichezea timu nyingine, nami nikahesabu 61. Nilishangilia siku zote mbili.

Jioni hiyo nilimwona akikiinua kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, ilhali yeye hutumia wa kulia. Nikamuuliza kulikoni. Akatazama mlangoni kuhakikisha babake hayupo, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mjomba, mkono unauma kidogo tu. Usimwambie Baba, tuna fainali Jumamosi.”

Hapo ndipo taaluma yangu ilipopata kazi nisiyoitarajia. Neno “mkono” katika Kiswahili huanzia begani likaishia kwenye ncha za vidole. Mtoto akisema mkono unauma, amekutajia wilaya nzima bila kukuonyesha kijiji. Hata neno “kiwiko” halitoshi, maana baadhi yetu hulitumia kwa kiungo kilicho katikati ya mkono na wengine kwa kile kinachokiunganisha kiganja na kigasha. Kwa hiyo nilimwomba aguse mahali penyewe kwa kidole kimoja. Akagusa kisugudi, upande wa ndani. Nikamuuliza maumivu yenyewe ni ya namna gani: yanachoma, yanawanga, yanavuta, au vidole vinakufa ganzi? Akasema yanavuta, tena kila anaporusha, na kwamba yalikuwa yameanza wiki tatu zilizopita.

Wiki tatu! Na mimi nilikuwa pale nikichora vijistari.

Nilimwambia babake usiku uleule. Daktari alipompiga picha aliona kwamba gegedu ya ukuaji katika kisugudi ilikuwa imeanza kuvutwa kutoka mahali pake. Fainali ikamwisha, na msimu mzima pia. Kijana alininunia kwa muda mrefu.

Yafaa tuelewe kilichotokea ndani ya mkono ule. Mifupa ya mtoto haijawa mifupa kamili. Karibu na viungo ipo sehemu ya gegedu laini ambayo ndiyo huurefusha mfupa, na sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano na misuli inayoishikilia. Mrushaji anapoupeleka mkono nyuma na kuufyatua mbele, bega huzunguka kwa kasi ambayo watafiti huitaja kuwa miongoni mwa miendo ya kasi zaidi ya mwili wa binadamu, na upande wa ndani wa kisugudi huvutwa kana kwamba utafunguka. Kwa mtu mzima kinachokatika aghalabu ni kano. Kwa mtoto kinachoachia ni gegedu. Madaktari wawili wa Marekani, Brogdon na Crow, waliyaeleza maumivu haya ya kisugudi cha watoto wa besiboli tangu mwaka 1960. Si jambo geni.

Wala dawa yake si siri. Shirika la Little League, linalosimamia ligi za watoto, liliacha kuhesabu zamu za mchezo mwaka 2007, likaanza kuhesabu mirusho yenyewe. Mwaka 2014 ligi kuu ya Marekani ikishirikiana na chama cha besiboli cha nchi hiyo ilitoa mwongozo uitwao Pitch Smart. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mtoto wa miaka 9 au 10 hapaswi kuzidisha mirusho 75 kwa siku. Wa 11 au 12 ni mirusho 85, wa 13 hadi 16 ni 95, na wa 17 au 18 ni 105. Kwa walio na miaka 14 au chini, mirusho 21 hadi 35 hudai siku moja ya mapumziko, 36 hadi 50 siku mbili, 51 hadi 65 siku tatu, na 66 au zaidi siku nne. Aidha, mtoto ashauriwe kukaa angalau miezi minne kila mwaka bila kurusha kabisa, miwili au mitatu kati ya hiyo ikifuatana.

Sasa, msomaji, rejea kwenye daftari langu. Kocha wa Jumamosi aliandika 72, na kikomo ni 85: hakuvunja kanuni. Kocha wa Jumapili aliandika 61: naye hakuvunja kanuni katika daftari lake. Kila mmoja alikuwa na hesabu safi ya timu yake, na hakuna aliyekuwa na hesabu ya mtoto. Jumla ya 133 kwa siku mbili, mahali ambapo siku nne za mapumziko zilihitajika katikati, ilikuwa imeandikwa katika daftari moja tu, nalo lilikuwa langu mimi nisiyejua maana yake. Kutokana na kisa hicho nimeshikilia imani moja: hesabu ni ya mkono, si ya timu. Haina budi kumfuata mtoto kila aendako, na awepo mtu mzima mmoja anayeibeba yote.

Utafiti nao waunga mkono jambo hili. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia warushaji watoto 481 kwa miaka kumi. Waliorusha zaidi ya zamu 100 kwa mwaka walikabiliwa na hatari ya kuumia vibaya mara 3.5 kuliko wenzao. Utafiti mwingine wa mwaka 2006, uliowalinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji na wasioumia, ulionyesha kwamba uwezekano wa kuumia kwa waliozoea kurusha wakiwa na mkono uliochoka ulikuwa mara 36. Ajabu ni kwamba mpira wa kupinda, ambao wazazi wengi huulaumu, haukuthibitika kuwa mkosaji mkuu katika utafiti ule wa 2011. Mkosaji mkuu ni wingi wa mirusho na uchovu unaopuuzwa.

Hatusemi kwamba mtoto asifanye mazoezi. Mkono usiozoezwa nao huumia. Lakini mazoezi mema huanzia miguuni, kwa sababu nguvu ya mrusho hutoka kwenye mapaja, nyonga na kiwiliwili, na mkono ni mjeledi wa mwisho tu. Mtoto akimbie kwanza hadi mwili upate joto ndipo arushe. Aanzie karibu na mwenzake, arudi nyuma hatua kwa hatua. Misuli ya nyuma ya bega, ambayo ndiyo breki ya mkono, izoezwe kwa ukanda wa mpira usio mgumu. Aliyerusha asiwekwe kuwa mdakaji siku iyo hiyo, kwa kuwa mdakaji naye hurusha mara nyingi bila kuhesabiwa. Na tusivutwe na njia za mkato. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti juu ya vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 waliofanya mazoezi kwa mipira mizito kwa majuma sita. Kasi yao iliongezeka, naam, lakini asilimia 24 kati yao waliumia.

Wapo wazazi wanaojipa moyo kwamba siku hizi kuna upasuaji. Husimulia habari za Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, ambaye Dkt Frank Jobe alimpasua mwezi Septemba 1974, akachukua kano kutoka mkono wa kulia na kuipandikiza katika kisugudi cha kushoto. Ni kweli kwamba alirudi uwanjani mwaka 1976 na kuendelea hadi 1989. Wanachosahau ni kwamba alikuwa mtu mzima wa miaka 31, na kwamba alikaa nje msimu mzima. Upasuaji huo ulibuniwa kuokoa mkono ulioharibika. Haukubuniwa kuwa hatua ya kawaida katika malezi ya mtoto.

Mfano unaonigusa zaidi watoka Japani, ambako mashindano ya shule za upili katika uwanja wa Koshien hufuatwa na taifa zima. Huko, mrushaji anayejitoa mhanga kwa ajili ya shule yake alisifiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2018 kijana Kosei Yoshida alirusha mara 881 katika mechi sita. Mwaka uliofuata, katika mkoa wa Iwate, shule ya Ofunato ilifika fainali ya mkoa. Kwa mara ya mwisho shule hiyo ilikuwa imecheza Koshien mwaka 1984. Mrushaji wake, Roki Sasaki, alikuwa amerusha mara 129 siku iliyotangulia. Kocha Yohei Kokubo hakumchezesha. Ofunato ikashindwa 12 kwa 2, na simu za malalamiko zikamiminika shuleni. Mwaka huohuo wa 2019, wakuu wa besiboli ya shule nchini humo waliamua kuweka kikomo cha mirusho 500 kwa wiki.

Tarehe 10 Aprili 2022, Sasaki akiwa na miaka 20, alicheza mechi kamilifu katika ligi kuu ya Japani: wapigaji 27, hakuna hata mmoja aliyefika kituoni. Sisemi kwamba uamuzi wa kocha ndio uliozaa ushindi huo. Mwaka 2025, baada ya kuhamia Marekani, bega lilimweka Sasaki nje kwa miezi kadhaa. Uangalifu hautoi hakikisho. Hata hivyo, uamuzi wa Kokubo ungekuwa sahihi hata kama kijana yule asingesikika tena, kwa kuwa alimtendea kama mwanafunzi mwenye maisha mbele yake.

Huenda mwalimu wa Kitui au Kakamega akauliza haya yote yamhusu nini. Besiboli yenyewe haiko mbali kama tudhanivyo: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League huko Pennsylvania. Lakini hata tusiporusha mpira huo, twarusha mkuki. Twapiga voliboli. Twacheza mpira wa mikono na kriketi. Msichana yuleyule hodari huichezea shule asubuhi, akaitwa na timu ya riadha mchana, na Jumapili akaombwa na klabu ya kijiji. Kila mwalimu ana hesabu yake, na bega ni moja.

Walimu wenzangu, daftari la shilingi chache latosha. Liandikwe jina la mwanafunzi, si la timu. Kila anayemchezesha aandike humo alichofanya siku hiyo, na mwalimu mmoja alisome kabla ya kumpanga tena. Mtoto akisema anaumwa, mwambieni aguse mahali penyewe, mkamuulize maumivu ni ya namna gani na yalianza lini. Kisha msimwadhibu kwa kusema ukweli, maana mtoto aliyenyimwa nafasi kwa sababu alisema, hatasema tena.

Nanyi wanafunzi, mimi nilinuniwa na rafiki yangu mdogo kwa kuitoa siri yake, na ningeitoa tena. Mwaka wa pili alirudi uwanjani, akiwa na timu moja na daftari lake mwenyewe. Siku ya kwanza alinikabidhi kalamu, akaniambia, “Mjomba, leo ukifika hamsini, nyanyua mkono.” Nilipofika hamsini, niliunyanyua.