Tanga: Bahari, Mto na Milima kwa Nauli ya Basi

Mwananchi mwenye fedha chache anaweza kuona bahari, mto mkubwa na milima yenye misitu pasipo kutoka nje ya Mkoa wa Tanga. Kinachopandisha gharama katika safari nyingi za utalii ni gari la kukodi. Mkoani humo, sehemu kubwa ya njia hupitiwa na mabasi ya abiria.

Anayetoka Dar es Salaam hushuka Mombo, kwenye barabara kuu iendayo Moshi, kisha hupanda gari la abiria hadi Lushoto, takribani kilomita 33 za kona na miinuko. Mji huo uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai si ya kudharauliwa. Irente, mahali pa kutazamia nyika iliyo chini, hufikiwa kwa miguu.

Njia ya kurudi pwani hupitia Korogwe, uliko Mto Pangani unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru. Mto huo huingia baharini katika mji wa Pangani, ambao pia una usafiri wa basi kutoka Tanga.

Hesabu hubadilika Saadani, hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005 inayopakana na Bahari ya Hindi. Humo gari ni lazima, hivyo nafuu ni kuchangiana. Raia wa Tanzania hutozwa kiingilio kidogo kuliko wageni, mradi awe na kitambulisho. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, baadhi ya barabara za hifadhi hazipitiki. Ni vyema kuuliza kabla ya kulipia gari.