Mmea Ambao Ng'ombe Ameuacha

Masika yakishapita, malisho ya pembezoni mwa Arusha huonyesha jambo ambalo mfugaji hulitambua kwa mbali: nyasi zimeliwa hadi chini, lakini hapa na pale pamebaki mafungu ya kijani yasiyoguswa. Anayetaka kuyajua magugu ya malisho aanzie hapo. Ng'ombe ameshinda akichagua kwa pua na ulimi. Alichokikataa kina sababu, na ni heri sababu hiyo ijulikane kabla ukame haujamlazimisha kukila.

Mara nyingi fungu hilo ni gugu karoti, ambalo wataalamu huliita Parthenium hysterophorus. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. India iliripoti kuwa nalo mwaka 1956, na Tanzania lilionekana Arusha mwaka 2010. Mmea mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu 15,000 hadi 25,000, ndogo mno, zinazosafiri kwa maji ya mvua na kwa matope yaliyoganda kwenye magurudumu na kwato. Sumu yake, parthenini, huzuia nyasi jirani zisiote. Watu huwatoa vipele na kuwabana kifua, na ng'ombe aliyelila hutoa maziwa machungu.

Jina lake lenyewe huwapotosha wengi. Mmea mchanga hulaza majani yake ardhini kwa duara, nayo kweli yanafanana na ya karoti. Lakini ukirefuka, hata kufikia mita mbili, majani ya juu huwa madogo na ule mfanano hupotea. Hapo ni kuvaa glavu na kuinama. Shina lina mifereji inayopanda kwa urefu, na vinyweleo. Majani hupishana, moja huku, jingine kule. Kisha ua: kichwa cheupe chenye upana wa milimita nne hivi, na pembeni mwake vipetali vitano vidogo sana, hata likitazamwa kutoka juu linaonekana lina pembe tano. Pembe hizo tano ndizo za kutafuta.

Maana wapo wanaofanana nalo. Mbangi mwitu nayo ina majani yaliyochanika, ila ukiyafikicha hutoa harufu kali, na maua yake ni vijibomba vyembamba vya rangi ya manjano. Kishona nguo hubeba mbegu nyeusi zinazong'ang'ania suruali, na majani yake hukaa mawili mawili, yakitazamana. Huyu wa mwisho ni chakula kizuri cha mifugo. Kumng'oa kwa kudhani ni gugu karoti ni hasara tupu.

Ndulele hahitaji maelezo mengi: miiba, ua la zambarau, tunda la kijani lenye michirizi linaloiva kuwa manjano. Wamaasai humwita endulelei.

Kazi ngumu iko kwenye nyasi, na hapo ndipo utaalamu hupimwa. Ukoka hujulikana kwa masuke yake, yanayotoka mahali pamoja kama vidole vya mkono. Lakini anaye ndugu mkubwa, Cynodon nlemfuensis, mwenye vidole vilevile. Wa kuamua ni jembe: ukoka una mashina yanayotambaa chini ya udongo, ndugu yake hutambaa juu ya ardhi tu.

Mmea ukishindikana kabisa, hukatwa ukiwa na ua na tunda, hubanwa kati ya magazeti hadi ukauke, kisha hupelekwa kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu. Arusha ipo moja. Ile ya Nairobi ilianzia Amani, Tanga, mwaka 1902. Karatasi ya maelezo huandikwa palepale machungani: mahali, tarehe, kimo, na rangi ya ua, kwa sababu rangi hiyo hufifia mmea unapokauka. Siku hizi inafaa kuongeza mstari mmoja zaidi: kama ng'ombe wameula au wameuacha.