Fahamu: Mbwa aliyezaliwa na kasoro ya moyo hutibiwaje?

Mtoto wa mbwa akiwa tumboni hatumii mapafu yake. Oksijeni huipata kupitia kondo la nyuma. Kwa hiyo mshipa mfupi unaounganisha aota na ateri ya mapafu huipitisha damu kando ya mapafu. Akizaliwa na kuanza kupumua, mshipa huo hujifunga wenyewe.

Kwa baadhi ya watoto wa mbwa haujifungi.

Kutojifunga huko ni miongoni mwa kasoro za moyo zinazoonekana zaidi kwa mbwa, hasa majike, na jamii kama Poodle, Maltese na German Shepherd. Damu huvuja kurudi mapafuni, upande wa kushoto wa moyo hutanuka, na wengi wasiotibiwa hufa wangali wadogo. Daktari akiweka stethoskopu kifuani husikia mvumo usiokatika, kama wa mashine. Kipimo cha mawimbi ya sauti huthibitisha.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kufungua kifua na kuufunga mshipa kwa uzi, upasuaji ambao daktari Robert Gross alimfanyia mtoto wa binadamu huko Boston mwaka 1938. Ya pili haipasui kifua: katheta, yaani mrija mwembamba, hupitishwa kwenye ateri ya paja na kuacha kizibo cha wavu wa nikeli na titani ndani ya mshipa.

Mkondo wa damu ndani ya mshipa huo ukishageuka na kuelekea kwenye aota, mshipa haufungwi tena. Hivyo, mwenye mbwa amwombe daktari wa mifugo asikilize moyo siku ya chanjo ya kwanza, na asimzalishe mbwa mwenye kasoro hiyo, kwani hurithiwa.