Simu ya waya yafikia ukingoni Uingereza: Anayehamia simu ya intaneti atazame nini

WAKAZI wa Uingereza ambao bado wana simu ya mezani iliyounganishwa kwa waya wa shaba wana muda hadi 31 Januari 2027 kuiaga. Hiyo ndiyo tarehe iliyowekwa ya kuzimwa kwa mtandao wa zamani wa simu nchini humo, na baada yake kila simu ya nyumbani itapita katika intaneti.

Miongoni mwa wanaoguswa na uamuzi huo ni watu wenye asili ya Afrika Mashariki waliohamia huko miongo kadhaa iliyopita, wengi wao sasa wakiwa wazee. Kwao namba ya nyumbani si jambo la mazoea tu. Ndiyo iliyoandikwa kwa wino katika daftari za ndugu zao wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ndiyo waliyonayo hospitali na benki, na ndiyo wanayoikumbuka kwa moyo hata miwani ikiwa haionekani. Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, ambako simu ya mkononi iliingia majumbani kabla ya nguzo za simu kufika mitaa mingi, habari hii inaweza kuonekana ya mbali. Hata hivyo, ndiye atakayepiga siku moja na kuambiwa namba ya shangazi haipatikani.

Kampuni ya BT ilitangaza mwaka 2017 nia ya kuuzima mtandao huo ifikapo 2025. Tarehe 5 Septemba 2023 Openreach, kampuni iliyo chini ya BT inayomiliki nyaya nyingi za nchi hiyo, iliacha kuuza laini mpya za aina ya zamani nchi nzima. Sababu zilizotolewa ni za kueleweka: mitambo imechakaa, vipuri havipatikani kwa urahisi, na mafundi wanaoijua wanastaafu. Lakini Desemba 2023 serikali ilieleza kuwa yametokea matukio mazito ya wazee ambao vifaa vyao vya kuitia msaada vilishindwa kufanya kazi baada ya kuhamishwa, na kampuni kubwa zikakubali kusitisha kwa muda kuwahamisha watu wasiotaka wenyewe. Mei 2024 tarehe ya mwisho ikasogezwa mbele hadi Januari 2027.

Ili kuchagua vizuri mtoa huduma wa simu ya intaneti, yafaa kwanza kuelewa kinachobadilika. Simu ya zamani ilipata umeme wake, wa volti zipatazo 50, kutoka kwenye mtambo wa simu wa mtaa kupitia waya uleule unaobeba sauti. Mtambo huo una betri na jenereta. Ndiyo maana umeme ulipokatika nyumba nzima ikawa giza, simu ya waya ya kawaida iliendelea kulia. Simu ya intaneti haina bahati hiyo. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, hukatwa vipande vidogo, husafiri pamoja na barua pepe na picha, kisha huunganishwa tena upande wa pili. Kazi hiyo hufanywa na ruta, na ruta hutegemea umeme wa ukutani.

Wengi huuliza kwanza kasi ya intaneti inayohitajika. Hilo si swali gumu. Mazungumzo ya simu katika mfumo wa kawaida hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na pamoja na anwani zinazobandikwa kwenye kila kipande hufika takriban kilobiti 90 kila upande. Hata laini ya polepole huyamudu hayo. Kinachoharibu maongezi ni kuyumba: vipande vinavyopotea njiani, au vinavyochelewa na kufika kwa mafungu. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande mmoja. Ikizidi sana, watu wawili huanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Basi mtu asipime laini yake usiku wa manane nyumba ikiwa imelala. Aipime jioni, wakati kijana mmoja anapakia video na mwingine anatazama mpira.

Watoa huduma wako wa namna mbili. Wa kwanza ni kampuni ileile inayouza intaneti. Simu huchomekwa nyuma ya ruta yao, bili huja moja, na fundi ni mmoja. Ni njia nyepesi, nayo humfaa mzee asiyetaka kisanduku kingine mezani. Ubaya wake ni kwamba namba na intaneti hufungwa katika mkataba mmoja, mara nyingi wa miezi 18 au 24, na mara nyingi huduma ya simu haifanyi kazi ila kwa ruta ya kampuni yenyewe.

Wa pili ni kampuni za kujitegemea, ambazo hazijali intaneti inatoka kwa nani. Mteja hupewa namba, au huleta ya kwake, kisha huunganisha simu kwa adapta ndogo, au hununua simu ya mezani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au huweka programu katika simu ya mkononi. Malipo mara nyingi ni ya mwezi kwa mwezi. Kwa kaya inayobadilisha kampuni ya intaneti kila mkataba unapokwisha ili kukimbia bei kupanda, njia hii ni bora kwa mbali, kwa kuwa namba hubaki palepale hata ruta zikibadilika mara tatu. Lakini inataka mtu mmoja ndani ya nyumba anayeweza kuingiza jina la mtumiaji na nywila katika kifaa bila kuogopa, na siku sauti ikikatika, kampuni ya simu itailaumu kampuni ya intaneti, nayo itarudisha lawama ilikotoka.

Namba ndiyo mahali ambapo watu wengi huumia. Kanuni za Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, zinampa mteja haki ya kuhama na namba yake. Haki hiyo huwa na maana iwapo namba bado iko hai. Anayevunja mkataba wa zamani kwanza, kisha akaomba namba ihamishwe, huenda akakuta hakuna cha kuhamisha. Tangu 12 Septemba 2024 mteja wa nyumbani anaweza kuhama kampuni ya intaneti kwa kuwasiliana na kampuni mpya pekee, nayo hushughulikia kufungwa kwa huduma ya zamani. Ni wepesi wenye mtego: iwapo kampuni mpya haiuzi simu, na mteja hakusema kuwa anaitaka namba yake, namba inaweza kuzikwa pamoja na mkataba.

Kuna mtego wa pili usiojulikana sana. Pale ambapo intaneti nayo inapita katika waya wa shaba wa simu, kuipeleka namba kwa kampuni ya kujitegemea kunaweza kuifunga laini nzima, na intaneti ikafa siku hiyohiyo. Simu mpya ya intaneti iliyofika bila intaneti ni kichekesho ambacho mwenye nyumba hacheki. Njia salama ni kuweka intaneti mpya kwanza laini ya zamani ikiwa bado inafanya kazi, kisha kuhamisha namba, na kuthibitisha mpangilio huo kwa maandishi na kampuni zote mbili kabla ya tarehe yoyote kupangwa.

Jambo zito kuliko yote ni umeme. Mwishoni mwa Novemba 2021 kimbunga kilichoitwa Arwen kilipiga kaskazini mwa Uingereza na Scotland. Zaidi ya wateja milioni 1 walikatikiwa umeme, na maelfu ya nyumba zilikaa gizani kwa zaidi ya wiki moja. Katika baadhi ya maeneo minara ya simu za mkononi nayo ilizimika, kwa kuwa nayo hula umeme. Mtu aliyekuwa na simu ya waya wa shaba angali aliweza kuita msaada mahali ambapo nyaya hazikung'olewa. Mwenye simu ya intaneti pekee alikuwa na mashine iliyolala.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam waliozoea mgawo wa umeme, hofu hiyo haihitaji maelezo. Huko Uingereza, Ofcom inazitaka kampuni kumpa mteja anayetegemea simu ya mezani njia ya kupiga namba za dharura kwa muda usiopungua saa 1 baada ya umeme kukatika, bila malipo. Anayetegemea ni, kwa mfano, asiye na simu ya mkononi au anayeishi mahali pasipo na mawimbi yake. Saa 1 si kitu mbele ya kimbunga cha siku saba. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoa huduma lisiwe "mna betri?" bali betri hiyo inakaa saa ngapi, na inawasha nini. Katika nyumba yenye mkongo kuna vifaa hadi vitatu vinavyohitaji umeme kwa wakati mmoja: kisanduku cha mkongo ukutani, ruta, na kitako cha simu isiyo na waya. Betri inayowasha ruta peke yake haimwokoi mtu.

Namba za dharura zina mkasa wake. Simu ya waya ilijulikana ilipo, kwa kuwa waya haukuhama. Simu ya intaneti huweza kuchomolewa London na kuchomekwa Leicester, na mtambo usijue. Nchini Marekani, mapema mwaka 2005, binti mmoja wa Houston alishindwa kuipata 911 kupitia simu ya intaneti wakati wazazi wake walipopigwa risasi na wavamizi nyumbani mwao. Miezi michache baadaye tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliziamuru kampuni za simu za intaneti kuwaunganisha wateja wao na huduma hiyo pamoja na anwani ya mahali walipo. Uingereza nayo ilizitaka kampuni kuruhusu simu za 999 tangu 2008. Hata hivyo, anwani inayopelekwa kwa zimamoto au gari la wagonjwa ni ile aliyoiandika mteja. Aliyehama nyumba bila kuibadilisha atakuwa ameita msaada uende kwa wapangaji wapya. Ikumbukwe pia kwamba simu za WhatsApp, ambazo familia nyingi huzitumia kila siku, haziwezi kupiga 999 kabisa.

Karibu watu milioni 2 nchini Uingereza hutumia vitufe vya kuitia msaada, vile vinavyovaliwa shingoni au mkononi. Vile vya zamani hutuma taarifa kwa milio inayopita katika laini ya simu kama sauti, na milio hiyo inaweza kupotoshwa sauti inapobanwa ili isafiri katika intaneti. Mwenye kifaa hicho, au mtoto wake, anapaswa kuiambia kampuni ya simu kabla ya kuhamishwa, kuiuliza kampuni ya kifaa kama kinafaa, na kukijaribu mbele ya fundi kabla hajaondoka. Ving'ora vya wezi na mashine za faksi zina tatizo lilelile, ingawa faksi haijamwacha mtu sakafuni usiku kucha.

Kuhusu gharama, maneno "dakika bila kikomo" yasomwe hadi mwisho. Kwa kawaida hayo ni mazungumzo ya ndani ya Uingereza. Simu ya kwenda kwa namba ya mkononi ya Tanzania au Kenya hulipiwa kwa dakika, na bei yake hutofautiana mno kati ya kampuni na kampuni, wakati mwingine hata kati ya mtandao mmoja na mwingine ndani ya nchi ileile. Mwenye ndugu huku atafute jedwali la bei na kusoma mstari wa nchi yake, si tangazo la ukurasa wa mbele. Asiye na intaneti na asiyeihitaji hatakiwi kuuziwa kifurushi cha intaneti ili tu abaki na simu. Kampuni zinatakiwa kumwekea laini ya sauti. Na anayepiga simu kudai ada ya kuhamishwa, au kuomba namba za benki, ni tapeli.

Uimara wa kampuni nao utazamwe. Skype, iliyoanza mwaka 2003 na kuwafundisha mamilioni ya watu kupiga simu kwa kompyuta, ilifungwa Mei 2025, na wenye namba zake wakalazimika kutafuta pa kuzipeleka.

Yanabaki mambo madogo ya siku ya kwanza. Simu za mtaa huohuo zitahitaji kuanzwa na namba ya eneo, jambo ambalo wengi hawakulifanya kwa miaka. Soketi ya chumbani haitalia tena, kwa kuwa simu sasa inatoka nyuma ya ruta sebuleni. Seti ya simu zisizo na waya humaliza tatizo hilo. Na ile simu nyeusi ya kuzungusha kwa kidole, ambayo bado imekalia kitambaa cha kufuma katika nyumba kadhaa, inaweza kupokea lakini ikashindwa kupiga, kwani ruta na adapta nyingi hazielewi mapigo yake. Vipo vidude vya kuyatafsiri mapigo hayo kuwa milio, na huuzwa kwa anayevitafuta.