Mpira unaolika upande mmoja

Ndugu mfanyakazi, kabla ya kushika njia ya Kasongo na Kabambare, inama uangalie mipira ya motokari yako. Gurudumu likipiga shimo kwa nguvu, vyuma vya usukani vinaweza kupinda, na magurudumu ya mbele hayaelekei tena sambamba. Hapo mpira unazunguka huku ukiburutwa kando. Magurudumu yakikaribiana kwa mbele, mipira inalika upande wa nje. Yakiachana, inalika upande wa ndani, usioonekana upesi. Ikilika kando zote mbili, upepo ni mdogo. Ikilika katikati, upepo umezidi. Usikimbilie kununua mpira mpya: fundi apime magurudumu kwanza, la sivyo nao utaisha vilevile. Mpira uliokwisha huteleza kwenye matope na hupasuka njiani, na ndani wamo bibi na watoto.