Mgongo wa Mpiga Makasia Unapochoka

Wanaotazama mbio za makasia kwenye televisheni hukazia macho mikono. Kumbe mchango mkubwa hautoki huko. Karibu nusu ya nguvu inayosukuma mashua hutoka miguuni, theluthi hivi kwenye kiwiliwili, na salio ndilo la mikono. Mpiga makasia huketi kwenye kiti kinachoteleza, magoti yakiwa karibu na kifua. Husukuma kwa miguu, kisha huinua kiwiliwili na kukirudisha nyuma, ndipo avute kwa mikono. Katika mbio za mita 2,000 hurudia hivyo zaidi ya mara 200.

Nguvu ya miguu haifiki kwenye kasia bila kupita kiunoni. Kinachouimarisha uti wa mgongo wakati huo ni misuli mirefu inayopanda pande zake mbili, ikisaidiana na ya tumbo. Misuli ya kiwiliwili ina kazi nyingine tena, nayo ni kuhema, na aliye mbioni kwa kawaida huhema mara mbili kwa kila pigo.

Misuli hiyo ikichoka, mabadiliko huanzia chini. Mtazame kwa ubavuni mtu aliye kwenye mashine ya makasia. Dakika za mwanzo, akijikunja kwenda mbele, fupanyonga lake huinama pamoja na mgongo, na kiuno hubaki kimenyooka. Baada ya nusu saa, fupanyonga limelala nyuma, na ili mikono ifike palepale ilipokuwa ikifika, hapana budi kiuno kipinde. Kasi inayoonekana kwenye kioo cha mashine huenda isipungue hata kidogo, kwa hiyo kocha anayetazama namba peke yake haoni kitu. Lakini mzigo umeshahama. Umetoka kwenye misuli, umeziangukia kano na diski zilizo kati ya pingili, tena zikiwa zimekunjwa, pigo baada ya pigo.

Maumivu ya kiuno ndiyo yanayowasumbua wapiga makasia kuliko majeraha mengine, na mazoezi ya mashine yanayozidi dakika 30 mfululizo yamehusishwa nayo mara nyingi. Alfajiri, saa inayopendwa na timu nyingi, hatari huongezeka: usiku diski hufyonza maji, na mtu akiamka kiuno huwa kigumu kukunjika.

Wengi huambiwa dawa ni mazoezi ya tumbo. Kwa maoni yangu hayatoshi. Ambaye nyonga zake ni ngumu na misuli ya nyuma ya mapaja imekaza atapinda kiuno hata kabla hajachoka. Huyo aanzie hapo.

Mashine hizi sasa zipo pia kwenye gym za Dar es Salaam na Nairobi. Ukiitumia, gawanya muda wako, usimame na utembee kidogo katikati, na umwombe mwenzako akutazame kwa ubavuni. Akikuambia kiuno kimeanza kupinda, acha, hata kama pumzi bado unayo.